Kidole cha Siku ya Kwanza

Mwalimu wangu wa taipu hakukuruhusu ukae kwenye mashine mpaka kwanza uchague kitufe. Ulikuwa ukifika pale chumbani kwake Chumbageni, Tanga, umevaa vizuri, umejipaka mafuta ya nazi, moyo unakudunda kwa hamu ya kugonga herufi kama makarani wakubwa. Yeye anakuketisha kwenye mkeka, anakuwekea mapajani ubao mmoja mzito, anakwambia:

"Fumba macho. Bonyeza mmoja mmoja. Kisha n'ambie yupi umempenda."

Vile vitufe kwake vilikuwa watu. Alivitoa kwenye mashine zilizokufa, kila kimoja na mkono wake wa chuma na springi yake, akampa mumewe, ambaye alikuwa seremala mpole asiyeuliza maswali, akavipanga kwenye ubao wa mvule vikakaa vinabonyezeka vile vile kama vilipokuwa hai. Na mashine za kufa hazikuwa haba miaka ile. Spea hazikuja. Taipureta ikiharibika ofisini ilisukumwa stoo, ikawa meza ya kuwekea chai. Mwalimu alikuwa akisikia habari hizo, anajitanda buibui lake, anakwenda mpaka kwa bwana mkubwa wa ofisi na kusema, "Nimekuja kuomba maiti." Wengi walimpa kwa sababu ya kucheka.

Kitufe cha kwanza kwenye ubao kiliitwa Mwali. Kilikuwa laini, hujakigusa kimeshakwenda. Wa pili Mbishi, huyo unamsukuma anakukatalia nusu ya njia, kisha anaachia ghafla, tak! Alikuwapo Hakimu, mzito, anashuka taratibu na akifika chini anatoa hukumu nyumba nzima ikasikia. Na alikuwapo Mgonjwa, ambaye kushuka anashuka vizuri, lakini kurudi juu mpaka umwombee dua.

"Sasa huyu nani atamchagua?" niliuliza siku yangu ya kwanza.

"Wapo. Mtu mwenye haraka zake za ovyo nampa Mgonjwa, anafunzwa subira. Weye bonyeza, usinihoji."

Nilibonyeza. Niliona aibu kidogo, maana wanafunzi wenzangu walikuwa wamezunguka wanachungulia. Mmoja akasema, "Mwangalieni, anatabasamu kwa Mwali, keshapenda." Kweli, nilikuwa nimempenda. Nikamwambia Mwalimu, huyu laini.

"Haya. Rudi kesho," akasema, akauchukua ubao wake.

Nikarudi kesho yake. Safari hii alinituma kwanza nikachote maji bombani, ndoo mbili, kisha ndipo akanipa ubao, mikono bado inatetemeka. Siku nyingine alinipa baada ya kula. Siku nyingine alinipa wakati nimekasirika, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu yake yeye, kwa kunizungusha. Ikawa kila nikibonyeza mambo yanageuka. Yule Mwali niliyemdhani mtamu, mkono ukichoka anakuchapia herufi ambazo hukuzikusudia. Unaweka kidole kupumzika tu, yeye kaondoka nacho. Nikaishia kwa Mbishi. Mbishi anakwambia wazi: hapa bado, hapa tayari. Unajua ulipo.

"Kidole cha siku ya kwanza husema uongo," Mwalimu akaniambia. "Kinasema kile ambacho mwenyewe anataka kusikia. Kila mtu siku ya kwanza anataka ulaini. Nani hajachoka?"

Halafu ndipo akanionesha mashine ya kukaa, ile ambayo vitufe vyake vilikuwa na tabia ya Mbishi. Ilikuwa ya kijani iliyobabuka, imefungwa kwa waya upande mmoja. Nikaipenda kama mtu anavyompenda mbuzi wake.

Mtu asiyezijua siku zile anaweza kudhani Mwalimu alikuwa na wazimu wa vitufe tu. Lakini tazama tulivyokuwa tukiishi. Mimi ni binti niliyekulia mtaa wa Mabawa, na katika utoto wangu wote sikumbuki mtu kuniuliza, "Unapenda ipi?" Ulisikia duka la ushirika limeshusha vitu, unakimbilia foleni kabla hujajua ni vitu gani. Ukifika mbele unapewa. Ukipewa kanga ya rangi usiyoipenda, unashukuru. Mama yangu alipata kupewa ndara mbili, zote za mguu wa kushoto, akashukuru, akazivaa mpaka zikatoboka, na mguu wake wa kulia mpaka leo unaangalia upande. Unga wa njano tulikula, hatukuulizwa. Darasa la saba nilimaliza, sikuchaguliwa kuendelea, sikuulizwa vile vile.

Sasa mtu huyu anakwambia fumba macho, useme unapenda nini, na ukisema hakubali mara moja, anataka uwe na uhakika. Siku niliyosema Mbishi na yeye akaitikia kwa kichwa, nililia. Mwalimu akafikiri nimebanwa kidole.

Alikuwa mtu wa Pemba aliyeolewa Tanga, na lafudhi ya kwao haikumtoka. Mengine ya asili yake sikuyauliza. Alikuwa mnene kiasi, mwenye mwendo wa polepole, na sauti ambayo hakuipandisha hata mashine zote zikilia kwa pamoja. Ulitakiwa wewe uache kugonga ndipo umsikie. Hakutumia fimbo wala rula. Ukikosea alikuja kusimama nyuma yako akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa na uzito wa gunia.

Karatasi zilikuwa adimu, tukachapa kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha juu ya maandishi yale yale mpaka karatasi ikawa nyeusi tii. Utepe ulipokauka aliupaka mafuta ya taa na masizi, ukarudi kidogo, na sisi tukarudi nyumbani na nyuso kama wapishi wa shughuli. Siku utepe ulipokwisha kabisa hakufunga darasa. Tulichapa bila wino. Tulichapa barua nzima za "Yahusu" na "Tafadhali rejea", kurasa nyeupe pe, naye anaziinua kwenye mwanga wa dirisha, anasoma mabonde ya herufi, anasema, "Hapa umeruka koma."

Alikuwa na misemo yake. Mwanafunzi akijigamba kwa mwendo wa kasi alimwambia, "Mbio za panya hazimfikishi Pangani." Ukigonga kwa hasira alisema, "Hicho ni kitufe, si mke mwenzio." Na akimwona mwanafunzi mpya anachagua haraka haraka kwenye ubao ili awahi mashine, alisema, "Mwanangu, ukisitasita unapoteza siku. Ukikosea unapoteza mkono."

Mmoja tu namkumbuka aliyefaulu siku ile ile. Alikuwa kijana aliyeshuka kutoka Amani, kazi yake kule juu ilikuwa kuchuma chai. Akaja na kikapu cha iliki kama zawadi, akaketi, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya vitufe hata hakuvibonyeza sana, akasema, "Huyu." Mwalimu akamtuma maji. Akarudi, "Huyu." Akamkasirisha kwa makusudi kwa kumwambia iliki yake imeoza. Kijana akacheka, "Ni huyu huyu, Mwalimu." Basi Mwalimu akampa mashine, na kwa wiki nzima alikuwa akitusimulia vidole vya mchuma chai, vinavyojua jani changa na jani zee bila macho, mpaka tukamchoka yule kijana bila kosa lake.

Wengine mambo yao hayakuwa mepesi hivyo. Mwenzetu mmoja alibaki na mashine laini kwa sababu mikono yake ilikuwa myembamba mno, na Mwalimu aliridhia. Akapata kazi ofisi moja ya mkonge, akapewa taipureta mpya laini kama yake. Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa mtu wa kusikiliza kazi kwa masikio. Alikaa chumba cha pili, na asiposikia kishindo alijua mpiga taipu amelala. Wiki ya kwanza akamwita mara nyingi: "We binti, mbona kimya?" Naye kazi ameshamaliza, iko mezani, safi haina doa. Akaja kwa Mwalimu analia. Mwalimu akafikiri, akamwambia, "Chukua kijiti, ukiwa unasoma rasimu kwa mkono huu, mkono ule gonga ubavu wa meza." Baada ya mwezi yule mkuu akamsifu mbele ya watu kwamba sasa ameanza kujituma.

Hiyo ndiyo hali yake nyingine ambayo sikuielewa mpaka nilipokua. Mwanamke aliyetaka kila kidole kichague kwa hiari hakuwa na shida kudanganya sikio la mkubwa.

Na hayo siyo yaliyokuwa makubwa. Yeye mwenyewe, nje ya vitufe, alikuwa hachagui kitu. Nimekwenda naye soko la samaki mara nyingi. Watu wanapekua mashavu ya samaki, wanabonyeza macho, wanagombana. Yeye anasimama mbali kidogo, anamwambia muuzaji, "Nipe yeyote." Muuzaji, kwa kuona haya, anampa mzuri. Au anampa mbovu, huyo naye anampika na ndimu nyingi. Kanga alinunuliwa na mumewe. Chai aliinywa vile ilivyokuja.

Nikamuuliza siku moja tukikuna nazi kwake. Nilikuwa na umri wa kuthubutu.

"Mwalimu, na Baba je? Ulimchagua?"

Akacheka mpaka mbuzi ya kukunia ikatikisika. "Nimchague wapi? Mie niliolewa kama bidhaa na mnunuzi wake, wote tumo kwenye maboksi. Tukafunguana humo humo ndani."

"Ukaona nini?"

"Nikaona mtu asiyepiga kelele." Akakuna kidogo. "Nilibahatika. Lakini bahati hufundishwi, mwanangu. Ndiyo maana nawafundisha kujaribu."

Mumewe alikuwa uani akipiga randa, akakohoa, nadhani alisikia.

Nilimpenda Mwalimu, na mtu ukimpenda unaanza kuona vitu ambavyo angetaka visionwe. Alikuwa na sukari. Tulijua hilo, alikuwa hanywi vya utamu na alikuwa na vidonge kwenye kopo la maziwa. Ila siku moja asubuhi nilimkuta jikoni ameinua sufuria ya uji kwa mikono mitupu, kaishika ukingoni, uji unatokota, naye anazungumza nami habari za karatasi za kaboni.

"Mwalimu! Mikono!"

Akatazama chini. Akaiweka sufuria polepole, akatazama vidole vyake kama anayetazama watoto wa jirani. Vilikuwa vimeiva.

"Vimekufa ganzi," akasema. "Vyote kumi. Kiganja kingali kizima, lakini vidole sivisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo uliopita." Nikataka kulia, akaniona. "Usinililie, maana nitaudhika. Nisikilize. Hili libaki baina yangu na weye. Mwalimu wa taipu asiyesikia vidole, nani atamleta mwanawe? Na mie sitaki kingine duniani hapa, nataka nifundishe mpaka siku yangu. Nikikaa bila darasa, wallahi, haya maradhi yatanikuta sina kazi, yatafanya yatakavyo."

Nilimpaka asali kwenye malengelenge. Hatukulizungumza tena. Lakini kuanzia siku ile niligundua alivyokuwa akifanya: hakubonyeza tena vitufe kutuonesha, alisema tu kwa mdomo, na utepe ulipotakiwa kuvishwa alituita sisi, eti tujifunze.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa kama utani. Sabuni za kila harufu, viatu vya miguu yote miwili, mitumba imelundikwa barabarani na vijana wanaimba, "Chagua! Chagua, mama, usiogope!" Mwalimu alikuwa anakwenda kule kwenye mitumba jioni, hanunui. Anasimama anatazama watu wanavyochagua. Mara moja nilimwona anamwangalia mwanamke mmoja aliyeinua blauzi mbili, hii na hii, hii na hii, mwisho akachukua ile ya kwanza. Mwalimu akaguna kwa furaha kama mtu aliyekula.

Na utepe nao ukapatikana! Tele, mpya, umefungwa kwenye nailoni. Karatasi zikapatikana. Ikawa sasa wanafunzi ndio hawapatikani. Ofisi zilianza kuleta kompyuta, na mzazi alipomleta binti mlangoni aliuliza kwanza, "Mnayo kompyuta?" Hatuna. "Basi tutarudi." Kwenye mkeka wakabaki wachache, kisha wawili, kisha nikasikia mashine zimefunikwa mashuka. Nilikuwa nimeshaondoka wakati huo. Nilikuwa nikipita Chumbageni namkuta kakaa kizingitini na mikono mapajani, inalala pale kama si yake, na ananiambia hajambo. Alikuwa amepungua.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya duka. Nilikuwa bado naota ndoto zangu, za siku moja kuwa na meza yangu na feni yangu, na kuandika hadithi watu wakazisoma kwenye gazeti. Kwa wakati ule nilikuwa nafuta vumbi kompyuta. Mwenye duka alikuwa kijana aliyerudi kutoka Dubai na shehena ya kompyuta zilizokwisha tumika, mitumba nazo, tukimwita Bosi ingawa tulikuwa karibu rika moja. Alikuwa mtu wa simu na kalamu sikioni, si mbaya, ila alikuwa na wasiwasi wa kudumu kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Juu ya duka alikodi chumba, akataka afungue darasa.

"Mwalimu wa kompyuta nitamtoa wapi mie hapa Tanga?" akawa analalamika. "Mashine nazijua mwenyewe, nitawafundisha. Lakini hawajui hata kuweka vidole! Wanadonoa kama kuku."

Nikamwambia namjua wa kuwafunza vidole. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri nilikuwa nimeshasema.

"Mzee wa taipu?" Akakuna shingo. "Aje. Tena nina kibodi zimelundikana pale stoo, za kila aina, aje achague zinazofaa darasa. Nimwone anavyofanya kazi. Nikimwona hawezi, sitaki lawama."

Nikaenda kumwambia. Nilimweleza wazi kwamba atatakiwa abonyeze mbele ya Bosi, na kwamba akitaka nitasema anaumwa homa, tuliache.

"N'tafutie buibui langu la Ijumaa," akasema.

Alikuja asubuhi, duka limefunguliwa sasa hivi. Bosi akamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nioneshe mali."

Bosi alimwaga kibodi juu ya meza ndefu, chungu nzima, nyeupe zilizogeuka njano, nyingine nzito kama tofali, nyingine nyepesi kama kisinia. Nyingine zilikuwa na herufi zimefutika kwa vidole vya watu wa mbali tusiowajua.

"Bibi, mimi naona zote sawa tu," Bosi akasema. "Herufi ni zile zile. Chukua kumi zozote, tumalize."

"Hata wanawake wa Tanga wote wana pua. Mbona hujaoa yeyote?"

Bosi akacheka, nikacheka nami. Mwalimu alivuta kiti, akajivutia kibodi moja, akabonyeza. Nilimtazama. Alisukuma kitufe mpaka chini na akaendelea kusukuma, kucha ikawa nyeupe, maana hakujua kama amefika. Akajaribu nyingine. Kidole kimoja kikagusa vitufe viwili, hakujua. Hii ilikuwa inalia kwa sauti na ile haikulia, na sauti aliisikia, lakini nilimfahamu: masikio hakuwahi kuyaamini. Akaweka mikono mapajani.

"Vipi, Bibi? Ipi?" Bosi akauliza. Alikuwa ameshaanza kuangalia saa.

Mwalimu akageuka kwangu.

"Njoo, mwanangu. Kaa hapa."

Nikakaa. Akasimama nyuma yangu, akauinua mkono wake, akauweka juu ya mkono wangu, kiganja chake kikafunika vifundo vyangu na ule mshipa wa juu ya mkono. Kiganja kilikuwa na joto.

"Chapa."

"Nichape nini, Mwalimu? Haijaunganishwa."

"Chapa jina la mama yako."

Nikachapa jina la mama yangu kwenye kibodi isiyoandika popote. Kiganja kikatulia juu yangu.

"Hii hapana," akasema. "Mshipa wako unasimama kila mara. Hawa watoto watatoka hapa wanaumwa viwiko. Lete ile."

Nikachapa kwenye ile. "Hii mkono unazama, hauna pa kukanyaga. Kwa anayejifunza haifai. Weka kando, tutampa aliyekwisha jua." Nyingine. Nyingine tena. Akanifanya nisimame niinue boksi moja la stoo, kisha nikae tena nichape moja niliyokuwa nimeisifu, akaikataa. Tulikwenda hivyo hivyo, na rundo la zilizokubaliwa likaanza kukua upande wa kulia, pole pole, na mimi nilikuwa siogopi tena kitu, nilikuwa nachapa tu jina la mama yangu na kusikia mkono wa mtu ukinisikiliza.

Bosi alikuwa ameacha kuangalia saa. Alikuja karibu.

"Bibi, samahani. Mbona hubonyezi mwenyewe?"

Nikajua ndiyo hapo. Ningeweza kusema kitu, nilifungua na mdomo. Mwalimu akanibana bega.

"Vidole vyangu vimekufa ganzi, mwanangu," akamwambia, kwa sauti ile ile ya darasani, hakuishusha wala hakuipandisha. "Ni sukari. Nilikuwa naficha. Leo nimechoka kuficha."

Bosi akabaki ameshika kiuno. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, mpaka akafika kona.

"Sasa utafundishaje, Bibi?"

"Kwani watatumia vidole vyangu?" akauliza Mwalimu. "Watakuja na vyao."

Bosi akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akaniambia nisogee. Nikasogea. Akavuta kiti, akakaa pale nilipokuwa nimekaa, akaweka mikono yake juu ya kibodi, mikono mikubwa yenye saa ya dhahabu.

Mwalimu akavuta ncha ya mtandio wake, akaufunika mkono wa yule kijana, kama inavyostahili, ndipo akaweka kiganja chake juu ya nguo. Akangoja kidogo.

"Mkono umekaza hivi," akasema. "Hata hujaanza. Unaogopa nini?"

Bosi hakucheka. "Naogopa nisije nikafungua hili darasa na watu wasije."

"Watakuja," akasema Mwalimu. "Bonyeza."